Tusiifungie bustani ya umma kwa uzio na kiingilio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyependekeza kwamba bustani ya umma izungushiwe uzio mrefu, iwekewe kiingilio, na mabenchi yaliyo chini ya miti yaondolewe kwa kuwa yamegeuka kijiwe cha watu wasio na kazi. Aliandika kwa staha, nami namheshimu. Lakini nasikia pendekezo lake limeanza kuwavutia baadhi ya madiwani, na hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza. Mimi ni mtunza bustani mstaafu. Maisha yangu yote ya kazi yalikuwa ya reki, toroli, mpira wa maji na mkasi wa kupogolea, katika bustani hiyo hiyo inayotakiwa kufungwa.

Liko jambo moja ninalokubaliana naye kabisa, nalo ni hofu. Anasema giza likishaingia hawezi kukatiza bustanini na watoto wake. Hofu hiyo ni ya kweli. Taa nyingi zimekufa, vichaka vimeachwa hadi vikapita kimo cha mtu, vyoo vimetiwa kufuli. Tunapotofautiana ni kwenye tiba. Yeye anaona watu wamezidi. Mimi naona watu wamepungua, na waliopungua ni wale hasa ambao kuwepo kwao kulikuwa kunailinda bustani.

Anayefanya kazi bustanini kutwa huona kitu ambacho mpita njia hawezi kukiona: bustani moja ina watu tofauti kwa kila saa. Alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, huja wazee wa kunyoosha viungo na vijana wa kukimbia. Jua likipanda huja walezi na watoto wadogo, kila mmoja akitafuta kivuli na mahali ambapo mtoto akianguka hataumia. Saa saba ni zamu ya wafanyakazi, wa ofisini na wa vibarua, wanaolala kidogo au kukaa tu bila kuamrishwa na mtu. Alasiri ni wanafunzi na madaftari yao, na wacheza drafti wanaobishana kwa sauti ya juu bila kugombana. Jioni huja familia. Kundi moja likiondoka, jingine limeshafika. Hakuna askari wala kamera inayoweza kufanya kazi ya zamu hizo, kwa sababu watu hao hawakuajiriwa kutazama. Wanatazama kwa kuwa wapo.

Jane Jacobs, mwandishi aliyechunguza maisha ya miji ya Marekani, alilieleza jambo hili mwaka 1961 kwa mfano wa Philadelphia. Mji huo ulipopangwa mwaka 1682 ulitengewa viwanja vya wazi ambavyo baadaye vilikuwa bustani. Ukubwa wake ulikaribiana, umri wake mmoja, mwanzilishi wake mmoja, lakini hatima zake zikatofautiana sana. Rittenhouse Square ikapendwa na kujaa watu kutwa nzima, kwa kuwa pembeni yake palikuwa na makazi, maduka, shule na ofisi, hivyo kila saa ilikuwa na watu wake. Washington Square ikazungukwa na ofisi peke yake. Watu wake wote walikuwa na ratiba moja: walitoka pamoja mchana, wakarudi ndani pamoja, wakaiacha ikiwa na upweke uliowakaribisha wasiotakiwa. Niliposimuliwa habari hizo kwa mara ya kwanza nilijihisi ninasimuliwa kazi yangu mwenyewe. Bustani haikuharibiwa na waliokaa ndani yake. Iliharibiwa na zile saa ambazo hapakuwa na mtu.

Sasa nije kwenye mabenchi, maana hapa msomaji mwenzangu amegusa kitu ninachokijua kwa mikono.

Benchi halitupwi tu mahali. Jua la asubuhi linatoka mashariki, hivyo kivuli cha mti wakati huo kinaangukia magharibi yake. Alasiri mambo yanageuka. Ukiweka benchi moja upande mmoja wa mti, umewahudumia watu wa nusu siku na kuwachoma wengine. Ndiyo maana mti mkubwa unataka mabenchi pande zote mbili. Tena yasigusane na shina. Mizizi inahitaji hewa, na udongo unaokanyagwa na miguu ya waketi kila siku hushindiliwa hadi maji ya mvua yanapita juu bila kuingia. Mti hunyauka polepole kuanzia kwenye ncha za matawi, watu wakadhani ni ugonjwa. Tulikuwa tunatandaza magome na matawi yaliyosagwa chini ya mabenchi ili ardhi ibaki laini, na mara kwa mara tunautoboa udongo kwa uma wa bustani ili upumue. Kazi ya namna hiyo haionekani na haina ufunguzi wa kukata utepe, lakini ndiyo inayomwezesha bibi wa miaka themanini kukaa kivulini mahali ambapo mama yake alikaa.

Halafu kuna mwelekeo wa benchi. Benchi linalotazama ukuta au kichaka halikaliwi na mtu mwenye shughuli njema, kwani binadamu anapenda kumwona anayekuja. Mabenchi mawili yanayotazamana kwa pembeni kidogo yanawafanya wasiojuana waanze kusalimiana. Na benchi lisilo na mgongo wala mahali pa kushika linamnyima nafasi mzee, kwa kuwa kukaa si tabu kwake. Tabu ni kuinuka.

Mmarekani mwingine, William H. Whyte, aliwapiga watu picha za sinema katika viwanja vya New York miaka ya 1970, akitaka kujua kwa nini vingine vinajaa na vingine vinabaki vitupu. Alidhani siri ingekuwa ukubwa, au jua, au uzuri wa michoro. Kumbe watu hukaa palipo na pa kukaa. Aligundua pia kwamba mtu akipewa kiti kinachosogezeka, hukisogeza kidogo kabla ya kukikalia, hata kama anakirudisha karibu pale pale kilipokuwa. Kule kukisogeza kidogo ndiko kunakompa mtu hisia kwamba mahali pale ni pake.

Mji huo una mfano unaotuhusu moja kwa moja. Nyuma ya maktaba kuu ya umma iko Bryant Park. Katika miaka ya 1970 ilikuwa mikononi mwa wauza dawa za kulevya, na raia wa kawaida walipita kando yake kwa haraka. Bustani ile haikukosa uzio. Ilikuwa nao wa chuma, na juu yake ua wa miti iliyoshonana, tena imeinuliwa juu ya usawa wa barabara, kiasi kwamba aliyekuwa njiani hakuweza kuona kilichokuwa kikiendelea ndani. Whyte alipoombwa ushauri alisema ifunguliwe ili ndani paonekane kutoka njiani. Ilifungwa kwa ukarabati mwaka 1988, ikafunguliwa tena mwaka 1992. Vichaka vilivyoziba macho viliondolewa, njia za kuingilia zikaongezwa, vyoo vikakarabatiwa, na viti vya kusogezeka vikasambazwa bila kufungwa kwa minyororo. Leo ni moja ya bustani zinazojaa kuliko nyingi duniani. Kile kile ambacho msomaji mwenzangu anakitaka kama tiba, kule ndicho kilichokuwa kimewaficha wahalifu.

Kuhusu uzio niongeze neno moja tu la kihistoria. Mwezi Julai 1866 serikali ya Uingereza ilifunga malango ya Hyde Park, London, ili watu waliodai haki ya kupiga kura wasikutane humo. Umati ulisukumana na vyuma vya uzio, vikaanguka. Miaka sita baadaye, sheria ya mwaka 1872 ilifungua njia ya mikutano kufanyika katika bustani hiyo, na kona ya wasemaji, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kusimama akahutubia, ipo hadi leo. Watu wakishaizoea bustani kuwa yao, lango lililofungwa huwa ni tusi.

Kiingilio ndicho kinachoniumiza zaidi. Atakayekitetea atasema ni kidogo, nani atashindwa? Lakini bustani haifanani na jumba la maonyesho unalokwenda mara moja ukatosheka. Mwenye kuihitaji sana anakuja kila siku. Mama mwenye watoto watatu atakihesabu mara nne, kisha akizidishe kwa siku za wiki, mwishowe atabaki chumbani nao. Mzee anayeishi peke yake atakuja siku ya kwanza, ya pili atafikiri, ya tatu hatakuja, wala hakuna atakayejua kwamba hakuja.

Na mzee kama huyo kutokuonekana ni jambo la uhai na kifo. Julai 1995 joto kali liliua watu zaidi ya 700 katika mji wa Chicago, wengi wao wazee waliokuwa wakiishi peke yao. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alipolinganisha mitaa miwili iliyopakana, yenye wazee maskini walio peke yao kwa viwango vinavyokaribiana, alikuta vifo vilikuwa vichache sana kwenye mtaa uliokuwa na barabara zilizochangamka na mahali pa watu kukutana. Kule, wazee walikuwa na sababu ya kutoka na mahali pa kwenda, na wasipoonekana kuna aliyeuliza. Nilikuwa nikifagia karibu na wacheza drafti kila alasiri, nikiwasikia wakiulizana: fulani leo yuko wapi? Wasipopata jibu, mmoja wao alinyanyuka kwenda kumwangalia. Huduma ile haikuandikwa kwenye bajeti yoyote. Ilitokana na meza mbili za saruji, mabenchi yake na kivuli, na mabenchi hayo ndiyo yanayotakiwa kuondolewa sasa kwa kuitwa kijiwe.

Mataifa yenyewe yamekubaliana juu ya hili. Katika Malengo ya Maendeleo Endelevu, lengo la 11 linazitaka nchi zihakikishe kwamba ifikapo 2030 kila mtu anafikia maeneo ya wazi na ya kijani yaliyo salama na yasiyobagua, hasa wanawake, watoto, wazee na watu wenye ulemavu. Ofisi ya kanda ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilishauri kwamba kusiwe na zaidi ya mita 300 kutoka nyumba ya mtu hadi eneo la kijani la angalau nusu hekta. Mita 300 ni mwendo wa dakika kama tano. Wanazungumzia umbali wa mtoto anayetembea kwa miguu, wala hawakutaja tiketi.

Kuna kundi ambalo msomaji mwenzangu hakulitaja, na wengi wetu hatulitaji: wasichana. Watoto wadogo wa kike na wa kiume huja bustanini kwa wingi sawa. Wakikua kidogo, wa kike wanaanza kupotea. Nililiona hilo mwaka hadi mwaka na nilidhani ni kazi za nyumbani tu. Mji wa Vienna, Austria, ulilichunguza katika miaka ya 1990 na kukuta kwamba wasichana walipungua sana bustanini baada ya umri wa miaka tisa. Uwanja wa wazi ulikuwa mmoja, na kila walipoutaka walisukumwa nje na wavulana wenye mpira. Kuanzia mwaka 1999 bustani mbili za wilaya ya Margareten zilipangwa upya: njia za kupita zikaongezwa, vikawekwa viwanja vya voliboli na badminton, na eneo kubwa likagawanywa kwa mimea kuwa sehemu ndogo ndogo ambazo kundi moja haliwezi kuzitawala zote. Wasichana wakarudi. Hakuna mvulana aliyefukuzwa.

Whyte naye aliona kwamba mahali ambapo wanawake ni wachache kuliko kawaida pana kasoro, kwani mwanamke huchagua kwa uangalifu zaidi mahali pa kukaa. Sisi watunza bustani tulikuwa na kipimo chetu kinachofanana na hicho, nacho ni choo. Choo kikifungwa, wanaume wanabaki. Wanawake wanaondoka ndani ya saa moja, na watoto wanaondoka nao. Hivyo kabla ya kuuliza kwa nini jioni bustani imejaa vijana wa kiume peke yao, tuulize ufunguo wa choo anao nani.

Nimesikia pia hoja kwamba fedha za kutunza hazipo, na kwamba ni heri eneo lipewe mwekezaji kuliko liwe pori. Wanaosema hivyo wakumbuke ya Uhuru Park, Nairobi. Mwaka 1989 palipangwa kujengwa jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ile, makao makuu ya chama tawala cha wakati huo pamoja na ofisi za gazeti. Profesa Wangari Maathai alianza kupinga kwa kuandika barua, moja baada ya nyingine, kwa kila ofisi aliyodhani inahusika. Alitukanwa, hata bungeni. Hakunyamaza, wafadhili wakasita, na jengo halikujengwa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa katika kona ya bustani hiyo hiyo wakigoma kula, wakidai wana wao. Kama ghorofa lingesimama pale, wangekaa wapi? Mwaka 2004 Profesa Maathai alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Ninachojifunza kwake ni kwamba bustani yenye watu ina wa kuitetea. Ikishafungwa kwa uzio ikazoeleka kuwa tupu, siku ya kuuzwa hakuna atakayeandika barua.

Sisemi yaliyopo yaachwe kama yalivyo. Nimekwisha kusema hofu ni ya kweli, na kazi ya kuiondoa inajulikana. Vichaka vya kando ya njia vikatwe hadi usawa wa magoti, na matawi ya chini ya miti yapogolewe yawe juu ya kichwa cha mtu mrefu, ili aliyesimama mwanzo wa njia aone mwisho wake. Taa ziwekwe chini ya matawi. Zilizopo ziko juu yake, kwa hiyo zinaangazia majani wakati watu wanapita gizani, hata zile chache ambazo bado zinawaka. Vile vijia vilivyochongwa na miguu ya watu kwenye majani visizibwe kwa miba na mabango ya kukataza. Viwekewe vigae au changarawe, kwa maana watu wametuonyesha wenyewe wanakotaka kupita, na majani yaliyobaki yatapona. Kiti cha magurudumu kiweze kuingia kwa kila lango bila kubebwa. Bomba la maji ya kunywa lirudi.

Na arudi mtunza bustani. Simaanishi kikosi kinachokuja na mashine ya kukata majani mara moja kwa mwezi, kikapiga kelele na kuondoka. Namaanisha mtu anayeshinda pale, anayejulikana kwa sura, anayeweza kumwambia kijana aondoe miguu kwenye benchi na akatii kwa kuwa wanafahamiana tangu kijana huyo akiwa anabembea. Nafasi yangu haikujazwa nilipostaafu, wala ya mwenzangu aliyenifuata. Tangu hapo ndipo vyoo vikafungwa, kwa kuwa hakuna wa kuvifungua asubuhi. Vijana wanaolalamikiwa ninawajua wengi wao. Baadhi waliwahi kunisaidia kumwagilia miche wakati wa kiangazi bila malipo yoyote, kwa sababu tu niliwaomba. Wakiondolewa mabenchi hawatapata kazi kwa ajili hiyo. Watahamia vibarazani na kwenye kona za giza, mahali ambapo hakuna mzee wa kuwasikia wala mama wa kuwatazama.

Ninaiomba halmashauri, kabla haijatangaza zabuni ya uzio, iitishe mkutano wa wananchi, na mkutano huo ufanyike bustanini penyewe. Usiwekwe asubuhi ya siku ya kazi ukumbini, ambako watakuja wenye nafasi tu. Uwekwe alasiri, wakati wanafunzi wametoka shule, walezi wapo na watoto, na wacheza drafti wako mezani. Madiwani wakae kwenye mabenchi yanayotakiwa kuondolewa na wawasikilize wanaoyakalia. Msomaji mwenzangu naye namkaribisha aje na watoto wake. Nitafika mapema na fagio langu ili pale tutakapokaa pawe safi, na nitamwonyesha ni matawi yapi yakikatwa ataweza kuona njia nzima hadi lango la pili.

Wako,
Mtunza bustani mstaafu